Kila ampea ipite hapa

Betri ya volti 12 ikisoma 12.4 kwenye mita, ndani yake umebaki umeme kiasi gani? Waulize mafundi watatu wa sola, utapata majibu matatu, na kila mmoja atakuwa na haki kwa betri aliyo nayo kichwani. Betri ya risasi iliyolala bila kazi tangu usiku, hapo ina karibu robo tatu. Hiyohiyo ikiwa inabeba inveta dakika hiyo, huenda ina zaidi. Ikiwa imechomolewa kwenye paneli sasa hivi, huenda haijafika hata nusu. Na ya lithiamu ikisoma hivyo, ujue imekaribia kuzima.

Swali hili si la darasani tena, kwa sababu umeme wa jua siku hizi unabebwa. Kinyozi anakwenda nao mnadani. Mpiga picha anaprintia nao picha za pasipoti chini ya mwembe. Kwaya zinaupandisha kwenye Fuso pamoja na spika na kinanda. Mara nyingi ni boksi la plastiki lenye magurudumu, ndani yake betri, kontrola, inveta na soketi mbili tatu, na paneli ya kukunja imefungwa kwa kamba pembeni. Mwenye boksi la namna hiyo hana nguzo ya umeme ya kukimbilia. Ukikatika saa mbili usiku katikati ya mkutano, watu wanatawanyika, na pengine jina la kwaya linaharibika kwa kitu ambacho kingeweza kujulikana tangu saa kumi jioni.

Ndiyo maana nasema wazi: katika boksi la sola, kifaa kinachopuuzwa kuliko vyote ndicho kinachostahili kununuliwa mapema. Ni mita ya kuhesabu umeme wa betri. Watu hutumia fedha nyingi kwenye paneli na betri, halafu wanategemea vile vimistari vinne vinavyowaka kwenye kioo cha kontrola. Vimistari hivyo vinasoma volti peke yake. Kwa betri ya risasi vinasaidia kidogo, mradi umeiacha ipumzike saa kadhaa kabla ya kuangalia, jambo ambalo mtu aliye kazini hawezi kulifanya.

Kwa lithiamu havisaidii hata hivyo. Betri za lithiamu tunazofungia sola, zile za chuma na fosfeti, zina seli nne zilizopangwa mfululizo, kila moja ya volti 3.2, jumla 12.8. Uzuri wake ni kwamba volti zake hazitikisiki: kuanzia asilimia 70 hivi kushuka hadi 30, tofauti ni kama sehemu mbili za kumi za volti. Waya mwembamba au nati iliyolegea hupoteza zaidi ya hapo. Kwa hiyo vimistari vyote vinne vinawaka jioni nzima, mwenye boksi anatulia, kisha vinazima karibu kwa pamoja. Uthabiti uleule unaoifanya betri kuwa nzuri ndio unaoficha kilichobaki.

Dawa ni kuhesabu. Ghala likiwa na mlango mmoja, na mlangoni amekaa karani anayeandika kila gunia linaloingia na kila linalotoka, huna haja ya kuchungulia ndani ili ujue kuna magunia mangapi. Kwa umeme, gunia ni ampea-saa: ampea moja ikitiririka kwa saa nzima. Weka kwenye hesabu kwamba betri ilianza na 100, toa 23 zilizotumika, ongeza 15 zilizoletwa na paneli, umebakiwa na 92. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Ugumu wote uko kwenye kuhakikisha kwamba ghala halina mlango wa nyuma.

Kitu kinachokaa mlangoni kinaitwa shanti. Ukiishika mkononi utashangaa uzito wake: vipande viwili vya shaba nyeupe vyenye bolti nene, na katikati vimeunganishwa kwa mabamba membamba ya metali ya rangi ya hudhurungi. Tazama kwa makini kingo za mabamba hayo, mara nyingi utaona pamekatwa kwa msumeno, mkato mmoja hapa, mwingine pale. Hizo si kasoro. Kiwandani ndivyo wanavyorekebisha ukinzani mpaka ufike kwenye kipimo. Metali yenyewe ni manganini, mchanganyiko wa shaba nyingi na manganizi na nikeli kidogo, iliyobuniwa na Edward Weston huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Sifa yake kubwa ni kwamba ikipata joto ukinzani wake karibu haubadiliki. Shaba tupu ingepotosha vipimo kila jua linapopanda.

Kazi yake inafuata kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: mkondo ukipita kwenye ukinzani unaacha tofauti ya volti inayolingana nao. Shanti iliyoandikwa 500A 50mV ina ukinzani wa sehemu moja ya elfu kumi ya omu. Zikipita ampea 500, kati ya ncha na ncha utapata milivolti 50. Zikipita 30, milivolti 3. Mita inasoma milivolti hizo mara nyingi kwa sekunde, inazigeuza kuwa ampea, inajumlisha na kutoa mchana na usiku.

Ukubwa wa shanti usiuchague kwa kukisia. Inveta ya wati 1,000 ikibeba mzigo wake wote inavuta karibu ampea 90 kutoka betri ya volti 12. Madukani kuna mita za bei nafuu zinazokuja na shanti ya ampea 100, na mnunuzi akiona 90 ni pungufu ya 100 anaridhika. Asiridhike. Shanti haitakiwi kubeba kwa muda mrefu zaidi ya theluthi mbili ya kilichoandikwa juu yake, yaani ile ya 100 ikae chini ya 67. Ikizidishiwa inachemka na vipimo vinayumba. Kwa upande wa pili, shanti kubwa mno haioni vitu vidogo: kwenye ile ya 500, taa inayokula sehemu moja ya ishirini ya ampea inaacha maikrovolti 5 tu, na mita nyingi zitasema ni sifuri. Kwa boksi lenye inveta ya wati 1,000 mimi ningefunga ya 200 au 500. Kwa boksi la taa na simu tu, ile ya 100 inatosha kabisa.

Sasa tuingie kwenye kufunga. Mfano wangu ni boksi la kwaya moja ya Dodoma: betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, paneli ya wati 120, kontrola, inveta ya wati 1,000, na kibao cha soketi za USB ubavuni.

Mpangilio una maana. Paneli inachomolewa kwanza, kwa sababu kontrola nyingi hazipendi kubaki na paneli bila betri, halafu inveta inazimwa, ndipo waya wa hasi unafunguliwa kwenye betri. Pete inavuliwa, na saa ya mkanda wa chuma pia. Spana inazungushiwa tepu ya umeme hadi inabaki ncha tu. Betri ya namna hii ikipigwa shoti na spana iliyolala kati ya chanya na hasi, chuma kinaweza kuwaka kabla mkono haujafika kukitoa, na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona vijana wakifanya kazi hii kwa spana tupu huku wanapiga soga.

Shanti inakaa upande wa hasi. Kichwa kilichoandikwa B- kinapokea waya mmoja tu, ule unaotoka kwenye hasi ya betri, na uwe mfupi na mnene. Kwa inveta ya ukubwa huu usishuke chini ya milimita za mraba 25. Kichwa cha pili, P-, kinapokea hasi za vitu vingine vyote: inveta, kontrola, soketi, taa. Kwenye nguzo hasi ya betri kusibaki waya mwingine wowote, hata uwe mwembamba kama uzi.

Hapo kwenye “wowote” ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Fundi anafunga inveta vizuri, anafunga kontrola vizuri, kisha wiki mbili baadaye mwenye boksi anaongeza kibao cha USB na kukipigia hasi moja kwa moja kwenye betri kwa sababu ndiko karibu. Simu 10 zinachajiwa kila jioni, na mita haijui. Inasema betri ina asilimia 60 huku imebaki na 30. Kosa la kontrola ni baya zaidi: hasi yake ikibaki kwenye betri, mita inaona umeme unatoka tu na hauingii kamwe, na kufikia siku ya tatu inatangaza betri tupu ambayo imejaa pomoni. Mtu anaamua kwamba mita ni mbovu, anaing’oa. Mita haikuwa na neno.

Kuna jambo jingine la kontrola ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Kwenye kontrola nyingi za bei nafuu, chanya zote zimeunganishwa ndani, lakini hasi hazijaunganishwa: hasi ya paneli, hasi ya betri na hasi ya taa ni vitu vitatu tofauti. Waya wa kwenda P- utoke kwenye ile ya betri peke yake. Ukikusanya hasi zote tatu kwenye bolti moja ili pawe nadhifu, umeifunga kontrola macho: haiwezi tena kuzuia paneli isizidishe chaji, wala kuzima taa betri inapofika chini.

Kwenye bolti yenyewe, lagi ya waya ikae juu ya shaba ya shanti moja kwa moja, washa ije juu ya lagi, kisha nati. Wapo wanaotanguliza washa chini, na umeme wote unalazimika kupita kwenye kile kipande cha chuma chembamba. Zile skrubu mbili ndogo za ndani ndizo za nyaya nyembamba za kupimia. Usizihamishie kwenye bolti kubwa. Ukinzani wa nati iliyolegea unaweza kulingana na ukinzani wa shanti nzima, na ukiuingiza kwenye kipimo unapata namba iliyokuzwa maradufu. Nyaya hizo mbili zisokotane hadi kwenye kioo, kwa sababu inveta inatoa kelele za umeme zinazoweza kuchezea kipimo kidogo namna hii.

Mwisho ni waya mwekundu mwembamba unaoilisha mita yenyewe. Huo unakwenda kwenye chanya ya betri, na fyuzi yake iwe karibu na betri. Usiupitishe kwenye swichi kuu ya boksi. Mita nyingi za kisasa zinakula kama sehemu moja ya elfu ya ampea, kiasi ambacho betri haikihisi, lakini zikikatiwa umeme baadhi zinasahau hesabu yote na zikiwashwa zinaanza tena na asilimia 100, chochote kiwacho ndani ya betri.

Rudisha hasi, washa, kisha chomeka paneli. Jaribio la kwanza ni la dakika mbili. Zima kila kitu na kunja paneli: kioo kisome sifuri. Washa taa moja: itokee alama ya kutoa. Zima taa, fungua paneli juani: itokee alama ya kujumlisha. Alama zikija kinyume, basi B- na P- zimebadilishana. Halafu washa taa na redio huku paneli ikiwa juani, na hapa watu wengi huduwaa. Paneli inaleta ampea 5, taa na redio zinakula 5, kioo kinasoma sifuri. Ni sahihi. Shanti inaona kinachoingia na kutoka kwenye betri, na dakika hiyo betri haipokei wala haitoi. Anayetaka kujua paneli inaleta kiasi gani atazame kwenye kontrola. Baada ya hapo beba mzigo mzito nusu saa, zima, gusa bolti moja moja kwa kidole. Uvuguvugu hauna shida. Palipo moto pamelegea.

Mita iliyofungwa vizuri bado inaweza kudanganya ikiwa haikuelezwa inalinda betri gani. Kitu cha kwanza ni ujazo, na ujazo wa kweli si lazima uwe ule ulioandikwa ubavuni. Betri ya risasi ya miaka mitatu iliyoandikwa 100 inaweza kuwa imebaki na 60. Ukiipa mita namba ya dukani, kila asilimia itakayokuonyesha itakuwa na chumvi. Cha pili ni hasara ya kuchaji. Lithiamu inarudisha karibu yote uliyoiwekea, ndiyo maana mita nyingi zinatumia asilimia 99. Risasi inahitaji uirudishie zaidi ya ilichotoa, kwa hiyo namba yake huwa chini. Cha tatu ni kanuni ya Wilhelm Peukert, Mjerumani aliyeeleza mwaka 1897 kwamba betri ya risasi ikikamuliwa kwa kasi inatoa kidogo kuliko ikikamuliwa taratibu. Kipeo chake kwa risasi ni kama 1.25, kwa lithiamu 1.05. Ndiyo sababu betri iliyobeba taa usiku kucha, ikifungiwa pasi, inasalimu amri mapema kuliko hesabu ya kawaida ingeonyesha.

Cha nne ndicho chenye mtego kwetu sisi wenye paneli ndogo. Hesabu yoyote ndefu hukusanya makosa madogo, kwa hiyo mita husubiri betri ijae ili ijirudishe kwenye 100. Inajuaje kwamba imejaa? Volti zikipanda juu, tuseme 14.2 kwa kontrola inayochaji kwa 14.4, na ampea zinazoingia zikishuka chini ya kiwango fulani kwa dakika tatu hivi. Kiwango hicho mara nyingi kimewekwa asilimia 4 ya ujazo, yaani ampea 4 kwa betri ya 100. Lakini paneli ya wati 120 jua likiwa kali inaleta 6 au 7, na likianza kuinama inaleta 3. Kwenye betri ya risasi volti hufika 14.2 ikiwa bado haijajaa. Mita ikiona 3 inasema imejaa, inaruka hadi 100, na mwenye boksi anaondoka kwenda mnadani na betri yenye njaa. Ishushe hadi asilimia 1 au 2. Na kabla ya kuanza kuiamini mara ya kwanza, ijaze betri kabisa.

Ikishatulia, mita inaanza kufichua. Kwa lile boksi la Dodoma kitu cha kwanza kilikuwa inveta. Iliachwa imewashwa, haibebi kitu, kioo kinasoma ampea 0.8 zinatoka. Kwa usiku wa saa 12 ni karibu ampea-saa 10. Kwa siku nzima, 19. Inveta za ukubwa huo hula kati ya nusu ampea na ampea moja kwa kuwaka tu, na hakuna mstari wa kijani utakaokuambia. Sasa fikiria betri ya risasi ya N70, yaani ya ampea-saa kama 70, ambayo ukiipenda hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu. Ndani ya siku mbili inveta isiyofanya kazi imeimaliza, na ikiachwa hivyo fuwele za salfeti zinagandamana kwenye mabamba yake na uhai wake unakatika. Betri ya gari ndiyo inayoteseka zaidi, kwa kuwa mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache na kujazwa tena papo hapo.

Kila betri ya risasi inayokufa kabla ya siku zake inakwenda mahali fulani, na mahali penyewe si pa kusahaulika. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi kwenye udongo, maji na hewa. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na mtoto wake mchanga akakutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fidia haiitoi risasi kwenye damu ya mtoto. Kuifanya betri iishi miaka yake yote ni sehemu ya kuizuia sumu hiyo, na huwezi kuilinda betri usiyojua imeshuka hadi wapi.

Mita hii pia inaamua mzozo wa kila siku dukani: niongeze betri au niongeze paneli? Umeme ukikatika mapema, watu wengi hukimbilia betri ya pili, kwa sababu kilichoisha ni betri. Tazama hesabu za ile kwaya. Spika, kinanda, taa na ulaji wa inveta yenyewe ni kama wati 100, kwa saa tano: ampea-saa 39 kwa usiku. Paneli ya wati 120 yenye vumbi na joto la Dodoma inaleta kama 31 kwa siku nzuri. Kwa mkutano wa siku tatu wanapungukiwa 24, betri inabeba bila shida. Kwa mkutano wa wiki wanapungukiwa 56, bado wanafika.

Ila hiyo ni kiangazi. Tanzania inapata jua la kilowati-saa 4 hadi 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na Dodoma ni miongoni mwa maeneo yenye bahati. Hata hivyo kuanzia Desemba hadi Aprili mawingu yanatanda, na siku mbaya paneli ileile inaleta 15. Sasa upungufu ni 24 kila siku, na kwa kuwa betri iliyojaa haipokei umeme wa siku ya kwanza, siku ya nne boksi linazima. Wakinunua betri ya pili watasogea hadi siku ya nane, kisha watabaki na betri mbili tupu na paneli moja isiyoweza kuijaza hata moja. Wakinunua paneli ya pili, zinaingia 30, upungufu unakuwa 9, na betri ileile moja inawafikisha siku ya nane vilevile. Kiangazi kikirudi zinaingia 62 dhidi ya 39, na kila siku kabla ya jua kuzama kioo kinasoma 100.